Kakakuona wa Vijiko

Inatangazwa kwa watu wote, wenye umeme na wanaosubiri urudi, kwamba jioni ya Jumamosi, katika sebule isiyotosha watu wanne wakipumua kwa pamoja, ilizinduliwa taa ya kwanza duniani yenye macho, mkia na magamba. Hapakuwa na waziri wala utepe wa kukata. Mkasi wenyewe ulishakufa kwa kukata vijiko.

Mbunifu na mkandarasi wa mradi huo alikuwa mwanamke anayepiga pasi kwa dobi, na mtaani wanamwita Pasi tu. Kama kuna mtu aliyewahi kuomba umeme ukatike kwenye uzinduzi wake mwenyewe, ni yeye.

Chanzo ni cherehani. Mama mkwe wake alikuwa nayo, ile ya kukanyaga, na magoti yake yalikuwa yamegoma kukanyaga. Akasema ataiacha kwa mmoja wa wakwe zake wawili, "yule mwenye mikono." Mkwe mkubwa ni Mama Vitambaa, mwanamke anayefuma vitambaa vya kufunika kila kitu kisichoweza kukimbia: redio, chupa ya chai, makochi. Kwa upande wa Pasi, mama mkwe alikuwa na ushahidi mmoja. Mwaka wa kwanza wa ndoa Pasi alijitolea kumshonea gauni lililochanika mkono, akaushona mkono wote, pamoja na tundu la kutokea vidole. Mama mkwe akalivaa huku wageni wanasubiri, akahangaika humo ndani kama paka kwenye gunia. Tangu siku hiyo, akitamka "mwenye mikono", anamtazama yule mwingine.

Lakini Pasi aliitaka cherehani ile mpaka akawa anaiota. Kila siku kwa dobi zilipita mikononi mwake suruali zilizokufa zipu na magauni yaliyofumuka pindo. Yeye anazinyoosha vizuri, halafu kazi inavuka barabara kwenda kwa fundi. Siku hizi Pasi akishona, kifungo kinakaa na pindo halipindi. Nani wa kumwambia mama mkwe?

Basi aliposikia kwamba mama mkwe anakuja na Mama Vitambaa "kusalimia tu", alijua kuwa ni mtihani. Alikuwa na vijiko vya plastiki vilivyobaki kwenye sherehe ya bosi wake, chupa kubwa ya maji, sufuria lililong'oka mkono, na gundi. Akavikata vijiko mipini, akavibandika kwenye chupa safu juu ya safu. Nia ilikuwa nanasi. Lakini gundi nayo ina akili zake. Safu zikapinda, chupa ikalala ubavu, na mume wake alipoingia akauliza, "Huyu kakakuona umemtoa wapi?"

Pasi alinuna kidogo, kisha akakubali yaishe. Vifuniko viwili vya soda vikawa macho, vibanio vya nguo vikawa mkia, na mnyama akalazwa juu ya sufuria lililopinduliwa. Akamtia tumboni balbu nyeupe, ile isiyopata joto. Kakakuona akang'aa kama mwezi ulioshiba.

Balbu hiyo ndiyo pekee nzuri nyumbani mle, kwa hiyo ilikuwa haina kwao. Mtu akipika inahamia jikoni, akija mgeni inarudi sebuleni.

Wageni walifika giza likianza kuingia. Pasi alikuwa jikoni anamimina chai aliposikia mume wake akibonyeza swichi, na sauti ya mama mkwe ikiuliza, "Huyu nani?"

"Ni taa, mama. Mkweo ameitengeneza kwa mikono yake."

"Mikono ipi?"

Pasi akaingia na sinia, akaamkia, akaitazama taa. Mwanga ulikuwa wa njano. Aliinama kuweka kikombe karibu na taa, na mtu anayeishi na pasi hujua joto kwa shavu. Akamkonyeza mume wake, wakakutana jikoni.

"Balbu yangu iko wapi?"

"Chooni."

"Inafanya nini chooni?"

"Inamulika. Umesahau mama alivyoteleza mle safari ile? Ndugu zangu wote walinipigia simu kwa zamu, kama wanalipwa."

Kwa faida ya asiyejua: choo kile kinateleza kwa sababu bomba linavuja, na linavuja kwa sababu mume wa Pasi ni fundi bomba.

"Na kwenye taa umeweka nini?"

"Ile ya zamani."

"Ile tunayokaushia soksi?"

Fundi akaitazama sakafu. "Si inawaka lakini."

"Vile ni vijiko vya plastiki, baba. Vitayeyuka."

"Basi zima."

"Wageni wakae gizani? Taa ya darini si wewe uliyesema utaitengeneza kesho? Nenda kalete ile ya chooni."

"Na mama akitaka kwenda? Chai ndiyo hiyo ameshaanza."

Wakarudi sebuleni. Pasi akakaa ukingoni mwa kiti, jicho kwa mama mkwe, jicho kwa mnyama. Gamba la kwanza likainama. Likafuata la pili, taratibu, kama mtu anayesinzia kwenye mkutano.

"Mama, hatutoki nje tukapunga upepo?"

"Nimetoka huko sasa hivi. Ndiko nilikopitia kuja." Mama mkwe akaikodolea taa macho. "Nilipoingia huyu alikuwa macho. Sasa naona kama amelala."

"Ndivyo alivyo, mama. Huwa anachoka mapema."

Jicho la kushoto likateleza polepole, likatua shavuni. Pasi akakohoa kwa nguvu, kana kwamba kikohozi kinaweza kulirudisha. Aliiona cherehani ikipakiwa kwenda kwa mwenzake, ikifunikwa kitambaa, isikanyagwe tena na mguu wa mtu.

"Nyumba hii choo kimepona?" mama mkwe akauliza, akajikokota kuelekea ukumbini.

Mlango haujamaliza kufungwa, Mama Vitambaa akafungua mkoba. "Mdogo wangu, nimekuletea zawadi. Tumfunike huyu, anaonekana ana baridi." Akatandaza kitambaa cha nyuzi nene moja kwa moja kuelekea mgongo wa kakakuona.

Pasi akadaka ncha moja. "Usimfunike, dada."

"Aibu ya nini? Mimi na wewe ni wa nyumba moja."

"Nakuomba, dada. Ataungua."

"Nani? Taa?"

Wakawa wanavutana kwa adabu, kila mmoja anatabasamu, na harufu ya plastiki ikapanda. Ndipo mama mkwe alipotokea mlangoni. Nyuma yake kulikuwa na giza. Mkono mmoja ulishika simu yenye tochi, mwingine ulishika balbu nyeupe.

"Zimeni hicho kitu," akasema. "Nimekuja kunywa chai, sikuja kula moshi. Weka hii. Haja yangu nimeshamaliza."

Fundi akazima, akakichukua kitambaa cha shemeji yake bila kuomba, akang'olea balbu ya moto. Kitambaa kikapata doa la kahawia. Taa ikawaka upya. Kakakuona alikuwa amebakia na jicho moja mahali pake, magamba yakining'inia kama masikio, lakini aking'aa.

Mama mkwe alikaa, akajiweka sawa kama hakimu.

"Nyumba za wanangu zote nimelala. Vitambaa nimefunikwa mpaka basi. Hakuna aliyewahi kuniwekea mwanga pale ninapouhitaji. Leo mtu ameona heri kazi yake iungue mbele ya wageni kuliko mimi nivunjike goti. Mikono ninayoisema ndiyo hiyo. Cherehani inakuja hapa, na mkiniona nimebadili maneno, mniambie."

Mama Vitambaa alikuwa anasugua doa. Fundi alichunguza vidole vyake vya miguu, mpole kuliko siku zote. Pasi alikuwa ameshaisikia cherehani ikikimbia kando ya dirisha lake. Alichotakiwa ni kunyamaza tu.

"Sema neno, mwanangu," mama mkwe akasema.

"Balbu aliiweka mwanao, mama," akasema Pasi. "Mimi ningekuacha gizani."