Unyoya wa Saba wa Fundi Mnatsakan

Zamani komamanga la fedha lilining'inia shingoni mwa bibi harusi mpaka uzeeni mwake, siku hizi ni la plastiki na linabandikwa kwenye mlango wa friji kushikilia bili ya umeme.

Nilikaa miaka kumi na minne katika soko letu la Jumapili pale Gyumri, nikiuza vitabu vikuukuu ambavyo watu walivipima mkononi kama matikiti kisha wakavirudisha. Meza iliyopakana na yangu ilikuwa ya Fundi Mnatsakan, mfua fedha, mwana wa mfua fedha, mtu ambaye vidole vyake vilikuwa vyeusi hata kanisani. Nyumba yake iliangushwa na tetemeko, mkewe akafariki, naye akahamia kwenye nyumba ya mabati. Ile meza ndiyo mahali pekee duniani alipobaki kuitwa fundi.

Kilichomponza ni Aklatiz, kitunguu cha Kwaresima. Katika nyumba zetu za zamani, Kwaresima ikianza, bibi alichomeka manyoya saba ya jogoo kwenye kitunguu akakining'iniza darini. Kila Jumapili aling'oa moja. Maadamu unyoya upo, nyama haiguswi, na mtoto aliyenyemelea siagi aliambiwa Aklatiz amemwona. Mnatsakan alikitengeneza kitunguu hicho kwa fedha, kidogo kama njegere, cha kuvaa shingoni. Manyoya yake yalitoka kwa koleo alilokuwa nalo yeye tu, na kila mnunuzi alipewa sharti la kurudi Jumapili saba.

"Sasa nikinunua manyoya saba," mama mmoja kutoka Yerevan alimwuliza, "mwisho nabaki na nini?"

"Kitunguu, dada yangu."

"Na manyoya yangu?"

"Yamepita. Kwani wiki iliyopita unayo wewe?"

Wengi hawakurudi. Mmoja, mjukuu wa watu wetu waliotawanyika, alipanda ndege kurudi Marseille na manyoya manne shingoni, kisha akaandika kulalamika kwamba mkewe amegoma kupika nyama tangu Machi. Kwaresima ya mwaka uliofuata ilipoanza, barua ikamfikia Hrachik, msimamizi wa soko, mwanamume mwenye tumbo la kuheshimika, aliyekula mishikaki asubuhi kama wengine wanavyokunywa chai.

"Mzee Mnatsakan," akasema mbele yetu sote, "nasikia unauza vitu vinavyokatika."

"Havikatiki. Navikata mwenyewe."

"Ndiyo mbaya zaidi. Vitie gundi."

"Kwaresima ya gundi itaisha lini, Hrachik?"

"Mimi sitaki mahubiri, nataka bidhaa. Nakupa mpaka Kwaresima iishe. Ikiisha hujatia gundi, meza hii nampa mtu wa sumaku za friji."

Akachukua Aklatiz mmoja awe ushahidi, akamtundika kwenye msumari juu ya meza yake ofisini.

Jumapili iliyofuata alirudi, kidani mkononi.

"Ng'oa," akasema.

"Si ni ushahidi huo?"

"Ushahidi unaniangalia, mzee. Jana nimeshika mshikaki hivi, nikaona unanitolea macho kama bibi yangu. Wiki nzima nakula kunde."

Mnatsakan akang'oa. Na Jumapili iliyofuata, na nyingine, mpaka shati la Hrachik likaanza kumcheza mwilini. Ikabaki Jumapili ya mwisho na unyoya wa mwisho, na mtu wa sumaku alishakuja kupima nafasi ya meza kwa futi.

Mimi ndiye niliyemnong'oneza Mnatsakan. "Usiung'oe. Unyoya ukiwepo, Kwaresima haijaisha. Mwenyewe kasema mpaka iishe."

Hrachik akaleta kidani. Mnatsakan akaugusa unyoya kwa koleo, akalirudisha koleo mfukoni.

"Huu umekaza," akamwambia Hrachik. "Tujaribu wiki ijayo."

Ni uongo pekee niliowahi kumsikia akisema.

Pasaka ikaja, mji mzima ukala samaki na mayai mekundu, Hrachik akala kabichi iliyofungiwa kunde ndani. Mei akala kabichi. Juni kasisi alimwambia Bwana alishafufuka zamani, naye akajibu, "Mwambie huyu kitunguu, padri." Kila Jumapili alikuja, kila Jumapili unyoya ulikuwa umekaza, na Mnatsakan aliendelea kukaa pale akifua hereni zake.

Julai alikuja siku isiyo ya soko, tukiwa tunapanga mizigo, suruali ameifunga kwa kamba.

"Mzee, Jumamosi namwoza binti yangu. Ng'ombe ameshanunuliwa. Nikikaa meza kuu natafuna kabichi, wakwe watasema nimewasusia."

"Si ung'oe mwenyewe?"

"Kwetu aling'oa bibi tu. Aliyemtengeneza ndiye anayeng'oa."

"Nikiung'oa, Kwaresima imeisha."

"Najua."

"Na meza?"

Hrachik akatazama viatu vyake. "Nilisema mbele ya soko zima. Na yule bwana ameshapaka rangi rafu zake."

"Basi kaa na njaa yako," nikamwambia. Nilisema kwa moyo wote, na ningesema tena leo.

Mnatsakan hakunisikiliza. "Binti yako ni yupi? Nvard?"

"Ndiye."

"Mkanda wa harusi wa mama yake niliufua mimi," akasema, akatoa koleo.

Unyoya ulitoka kwa mguso mmoja. Haukuwa umekaza hata chembe, na Hrachik aliona.

Sasa pale pana makomamanga yenye sumaku, yanayofika yamefungwa kwenye maboksi, na muuzaji hajui komamanga lina mbegu.

Mara ya mwisho kuwaona wawili hao pamoja ilikuwa jioni ile ile unyoya ulipong'olewa. Mnatsakan alikuwa ameshika meza yake, ambayo mtu wa sumaku hakuihitaji, upande wa mbele, Hrachik nyuma, wanateremka kuelekea nyumba za mabati. Mkono uliobaki wa Hrachik ulikuwa na mshikaki alioununua pembeni, na mafuta yalidondokea mezani. Kila hatua chache walisimama, Hrachik akauma, na Mnatsakan alimngoja ameze ndipo waendelee.