Baiskeli Isiyo na Mkungu

Nimechoka na benchi la ofisi ya kata. Juzi, nikingoja zamu yangu, binti mmoja aliingia akisukuma baiskeli.

"Shikamoo mzee. Tunaomba uwanja wa gulio tuchezee baiskeli. Barabarani tunafukuzwa."

Ofisa akaitazama keria. "Mbona haijabeba kitu?"

"Haibebi, mzee. Hii ni ya mitindo."

Akatoka nayo, akanyanyua tairi la mbele, akauzunguka ua kwa tairi la nyuma, mkono mmoja kiunoni kama anayepigwa picha. Benchi zima tukapiga makofi. Ofisa naye akapiga.

"Safi sana! Kwa balansi hiyo, mikungu minne utaiweza."

Uwanja hakupewa. Alipewa ndizi za ofisa, azipeleke nyumbani kwake. Huku kwetu ukionyesha kipaji, unafungiwa mkungu.