Futi Arubaini za Mazishi

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Soho, kwa Waingereza, nilisimamishwa ndani ya kibanda kisicho na dirisha, nikapewa karatasi na kuambiwa nisikohoe. Nilikuwa mwanafunzi kutoka Wete, umri miaka ishirini na tatu, na koti nililovaa la kuazima. Hakuna aliyeniuliza jina. Mkuu wa Uhariri, mtu mrefu mwenye saa ya kupimia sekunde kifuani, alinipa mkono huku anaitazama saa yake, akaniita "Swahili". Aliniita hivyo miaka tisa. Leo nina miaka tisini, nakaa Walthamstow, huku huku ugenini, na bado jambo hilo linanichoma.

Nyinyi mnaorekodi habari kwa simu mkiwa ndani ya basi, kazi yetu hamuijui. Filamu ya habari ilikuwa ya dakika kumi, ikioneshwa kabla ya sinema yenyewe, na zile za Kiswahili zilipelekwa nyumbani kuzungushwa na gari la sinema, watu wakatazama uwanjani. Msomaji alisimama gizani mbele ya maikrofoni, picha zikapita ukutani, Mkuu yuko nyuma yake. Akikugusa bega, unaanza aya. Akikubonyeza, unanyamaza. Filamu tuliipima kwa futi, futi tisini ndiyo dakika moja, na sauti, muziki na makofi vilitiwa pamoja kwa mkupuo mmoja. Ukikosea, vyote vinaanza upya na kila mtu anakutazama wewe. Kiswahili kinataka nafasi zaidi kuliko Kiingereza, basi asubuhi nzima nilikuwa nikipunguza maneno mpaka yaingie. Niliifanya vizuri kazi hiyo. Najisifu mwenyewe kwa sababu hakuna mwengine aliyenisifu.

Mwaka wangu wa tatu ililetwa filamu ya ziara ya mkubwa mmoja wa serikali kisiwani Pemba. Karatasi yangu ilisema wananchi wanakimbilia kwa furaha kumlaki mgeni wao. Tukazipitisha picha mara moja kwa majaribio. Nikaona wanaume wa mtaani kwetu, kanzu na kofia, wanakwenda mbio mbio wakipokezana mabegani kitu kilichofunikwa kitambaa. Huyu anatoka, yule anaingia, kila mmoja anataka japo hatua chache. Kwetu mtoto yeyote anajua kile ni nini. Ni jeneza. Maiti hacheleweshwi, na kumbeba kuna thawabu, ndiyo maana watu wanagombania. Mpiga picha aliona mbio, akadhani furaha. Na mbele kabisa, jeneza liko begani mwake, nilimwona baba yangu.

Nikamwambia Mkuu kwamba haya ni mazishi. Akatazama saa yake.

"Nani atajua?" akauliza.

"Watakaoitazama, bwana. Wote."

"Filamu imeshakatwa, Swahili. Nataka futi arubaini za watu wenye furaha. Soma, au nimtafute mwengine."

Akanigusa bega, nikasoma. Tena nilisoma kwa bashasha, maana ndivyo nilivyofundishwa, sauti isikike inatabasamu. Msinitafutie udhuru. Hakunishika koo yule mtu, alinigusa bega tu.

Gari la sinema likafika Wete, na baba alikuwapo uwanjani. Barua yake ndiyo iliyonieleza maiti alikuwa nani. Alikuwa Maalim Khatibu, aliyenifundisha kusoma tangu herufi ya kwanza. "Nimeisikia sauti yako ikimchekea Maalim juu ya jeneza lake," baba aliandika. "Usiniandikie tena mpaka uombe radhi mbele ya watu walioisikia." Nikachelewa kwa aibu, nikijiambia nitakwenda mwakani. Kisha yakaja mapinduzi, nchi ikageuka, njia ya kurudi ikafungwa, na baba akafa sijamwomba.

Televisheni ilipozimeza filamu za habari, Mkuu aliagwa kwa hotuba na karamu. Mimi niliagwa kwa barua ya mistari mitatu iliyoanza "Mpendwa Bwana". Nikawa karani wa halmashauri mpaka nilipostaafu, na hakuna mwenzangu ofisini aliyejua kwamba sauti yangu iliwahi kusikika kutoka Lamu mpaka Kigoma.

Mwaka huu binti yangu Asha, ambaye ni muuguzi, alikuja na simu yake. Hifadhi moja ya filamu imeziweka zile filamu zote mtandaoni.

"Baba, ni wewe huyu," akasema. "But they've put unknown."

Nikavaa miwani. Mpiga picha ametajwa jina. Mkuu ametajwa jina. Hata mpiga piano ametajwa. Msomaji hajulikani. Na juu yake, kichwa cha habari: "Wananchi Wenye Furaha, Pemba". Nilifoka hata Asha akataka kunipima presha.

Nikawapigia simu. Akapokea bibi mmoja mwenye adabu, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema jina langu wataliweka katika filamu zote, ila hii moja, kama inaniumiza, wanaweza kuiacha ilivyo, bila jina. Nakiri nilitamani kukubali. Miaka yote hiyo nimeghadhibika kwa kunyimwa jina, na sasa nikaona lile pengo ni mahali pazuri pa kujificha. Halafu nikaikumbuka barua. Wale waliosikia uwanjani wengi wao wameshazikwa, lakini wajukuu wao wanaitazama filamu hiyo hiyo kwenye simu zao.

"Andika," nikamwambia. "Kwanza jina la maiti, Maalim Khatibu. Andika kwamba haya ni mazishi yake. Halafu weka jina langu, na kwamba nilijua, nikasoma. Na kwamba namwomba radhi yeye na baba yangu."

Nikamsikia anachapa. Kisha akanisomea alichoandika ili nihakikishe. Alisoma polepole, bila bashasha yoyote, kama inavyosomwa habari ya msiba. Nikamwambia hivyo ndivyo ilivyopaswa kusomwa.