Kupandisha Thina Mgeta

Nilipanda Mgeta kumalizia kazi ya marehemu. Method, fundi mwenzangu wa vanishi hapa Kihonda, alikuwa ameanza kupiga msasa mabenchi ya kigango, kanisa dogo la kijijini kwao, akaungua, akashushwa hospitali ya mjini na hakutoka tena. Nilikaa kando ya kitanda chake nikamuuliza imekuwaje. Akaniambia, "Nilizembea, Mwanaidi. Thina ni thina." Basi jina lake karakanani likabaki mzembe. Aliyesahau kufunga kopo aliambiwa asije akawa kama Method. Iliniuma, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akitugombeza sisi wengine kwa uzembe, lakini maneno yalikuwa yake mwenyewe, ningeyapinga kwa lipi?

Waumini wa kigango walipotuma ujumbe kwamba mabenchi yamebaki nusu meupe nusu meusi, na watu wanakwepa kuyakalia, nikasema naenda mimi. Wenzangu walinitazama kama naenda vitani.

Kihonda, asubuhi. Dukani wanapima thina, ile dawa ya kuzimulia vanishi, kutoka kwenye pipa, na muuzaji alikuwa ameshanyanyua chupa ya maji ya kunywa ili anijazie. Nikamzuia. Kwanza mtu mwenye kiu akiiona chupa ile hatauliza. Pili, plastiki ile nyepesi hulegea. Nilikuja na kopo langu la bati lenye kizibo cha kukaza, nimeliandika SUMU na MOTO kwa rangi nyekundu. Nikachukua kiasi cha kutosha mabenchi tu, na juu nikaacha nafasi, maana thina ikipata joto hutaka pa kutanukia. Nikalisimamisha kopo ndani ya kapu, nikalibana kwa matambara makavu, na vanishi na misasa nikaweka kwenye mfuko mwingine.

Usafiri wangu ulikuwa pikapu ya Shabani, dereva anayeteremsha kabichi kutoka milimani na kupanda na matenga matupu.

"Dada, weka kapu mbele hapa," alisema. "Mvua ikinyesha litalowa."

"Hili halipandi mbele, kaka. Tukifunga vioo litatulevya sote wawili, na wewe ndiye mwenye usukani."

Nikalifunga nyuma kwa kamba, wima, katikati ya matenga, nikalifunika turubai bila kulibana. Kisha nikamwomba sigara yake aimalizie palepale chini.

"Mafundi wa rangi mna masharti kama waganga!" Akacheka, lakini akaizima.

Sangasanga. Hapo tuliiacha barabara ya Iringa na kuanza kupanda. Nilimwomba Shabani asimame nikague kizibo. Hakikuwa kimetoa hata tone. Kutoka hapo barabara ilikuwa tope jekundu, na ukungu ulishuka mpaka tukawa tunaona kingo za barabara tu. Kwa kawaida napenda milima hii, matuta ya njegere na kabichi yaliyopangwa hadi juu na wanawake wenye mizigo ya karoti kichwani. Siku ile sikupenda kitu. Kila kona nilifikiri kwamba Method alipita hapa akiwa amefunikwa majani ya migomba, akiteremshwa, na pikapu ikirukaruka namna hii hii.

Kijijini, alasiri. Mama Method alinipokea mlangoni. Ni mwanamke mfupi, mkono wake wa kulia una kovu jipya mpaka kwenye kiwiko.

"Shikamoo mama. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba mwanangu. Nimeshapoa. Karibu, karibu ndani, umelowa."

Na kabla sijasema neno akalipokea kapu mkononi mwangu. Hapo ndipo ulimi wangu ulipokuwa mzito. Kwetu Waluguru, awe Mkatoliki wa mlimani kama yeye au Mwislamu wa mjini kama mimi, mgeni akifika mzigo wake ni wa mwenyeji. Hamwelekezi pa kuuweka. Ukimwambia mama mtu mzima "usiliingize hilo ndani" ni kama umemwambia nyumba yake huiamini. Nikajisemea nitalifuata baada ya muda mfupi, nitaliweka nje kimyakimya. Katekista alikuwa ananisubiri kigangoni anionyeshe mabenchi, nikaenda.

Niliporudi nilimkuta mama jikoni. Jiko lenyewe lilikuwa jipya, miti yake bado ina magome. Maharage yalikuwa yanachemka kwenye mafiga, moto umekolea. Juu yake, kwenye uchaga wa miti wanakohifadhi mbegu za mahindi zisiliwe na wadudu, katikati ya mahindi yaliyopakwa masizi, lilikaa kapu langu.

Sikumbuki nilivyovuka chumba kile. Nililishusha kapu, nikatoka nalo mvuani mbio mpaka nyuma ya banda la kuku. Bati lilikuwa limeanza kupata moto, lakini kizibo kilikuwa kimeshika.

Mama alinifuata, mwiko mkononi. "Kuna nini, mwanangu? Nimekosea?"

"Hapana, mama. Hii dawa haipendi joto."

"Mimi nimeona chini kuna unyevu, vitu vinaota ukungu. Cha mgeni tunakiweka juu, pakavu. Hata kidumu cha Method nilikipandisha hapohapo."

Alisema hivyo akarudi kugeuza maharage yake.

Mimi nilibaki na kuku. Kidumu cha plastiki, juu ya moto, asubuhi nzima. Method alikuwa ameingia kuchukua mzigo wake, akaukuta umeshalegea, mvuke ukashika moto. Hakuzembea hata kidogo, ila hakumwambia mama yake kidumu kina nini, kama mimi nami sikumwambia. Na akiwa kitandani, ngozi imemtoka, akaona ni heri tumwite mzembe kuliko yule mama ajue ni mkono gani uliopandisha kidumu.

Kigangoni. Nilifanya kazi milango na madirisha yote yakiwa wazi, baridi ikiingia mpaka mifupani. Thina nilikuwa namimina kidogo kwenye bakuli la bati, kopo linafungwa na kurudi uvulini nje. Matambara yaliyolowa niliyaanika mojamoja kwenye ua, sikuyaacha yarundikane. Mikono ilijua kazi yake, lakini kichwa kilikuwa kwingine. Nikisema, namuua mama huyu akiwa hai. Nikinyamaza, mafundi wengine watakuja, maana wote wa kigango hufikia kwake, na atawapokea mizigo kwa upendo uleule na kuipandisha palepale. Nilimkasirikia Method kwa kuniachia jambo hilo. Nilimlilia pia, usoni kuna vumbi la msasa, katekista akadhani ni thina inayoniwasha macho.

Mama alikuwa akija kila mchana na uji. Alikuwa akiketi kwenye benchi ambalo sijalifikia, akinitazama ninavyofunga na kufungua kopo. Benchi la mwisho lilipokuwa limepata mkono wake wa kwanza wa vanishi, akauliza.

"Hiyo dawa inashika moto?"

"Ndiyo, mama."

"Mpaka imwagike?"

"Hapana. Hata mvuke wake tu."

"Na kidumu kikiwa kimefungwa?"

Nikaacha brashi. "Plastiki ikipata joto hulegea, mama. Hutoa mvuke."

Mvua ilikuwa inapiga mabati, nikashukuru kwa ile kelele.

"Kwenu alisema nini, kule hospitali?"

"Alisema alizembea."

"Mimi aliniambia ameangusha kibatari." Alilishika kovu lake. "Mwanangu, ilikuwa mchana. Kibatari kilikuwa hakijawashwa."

Nilitaka kumwambia hakujua, kwamba hakuna aliyemwambia, kwamba kosa ni letu sisi mafundi tunaobeba moto ndani ya kapu na kuona haya kuutaja. Nilimwambia yote hayo. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyosikiliza pole ya mgeni.

"Huko kwenu wanamwita mzembe?" akauliza.

Sikuweza kumdanganya. "Wengine, mama."

"Basi ukifika waambie. Waambie ni mimi niliyekipandisha. Asibebe jina ambalo si lake."

Asubuhi ya kuondoka. Mabenchi yalikuwa yamekauka na yanang'aa, hata kwenye mwanga ule wa ukungu. Nilikwenda kumuaga mama nikamkuta uani, kwenye manyunyu, ameyatoa mafiga yote matatu jikoni na kuyapanga nje. Alikuwa amepiga magoti anapuliza kuni mbichi, moshi unamrudia usoni.

"Mama, rudi ndani. Uchaga ukiwa mtupu hauna neno."

"Humu sipiki tena," alisema, bila kuinua kichwa. "Nenda salama, mwanangu. Wasalimie."

Pikapu ya Shabani ilishuka imejaa kabichi, na kopo langu tupu nikalifunga nyuma vilevile, maana tupu nalo lina mvuke. Shabani alinitania kidogo kuhusu masharti yangu, kisha akashika barabara yake mpaka lami.

Kihonda, jioni. Niliwakusanya wenzangu kabla hawajafunga karakana nikawaambia kama nilivyoagizwa, bila kupunguza. Nikawaambia pia nilichojifunza. Tunajua kuchagua chombo, kuacha nafasi, kufunga wima na kukaa mbali na sigara, lakini ukifika mlangoni kwa mwenyeji, kabla hujapokewa mzigo na hata kabla salamu hazijaisha, mwambie umebeba nini na kikae wapi. Aone huna adabu. Mimi sasa hufanya hivyo kila nyumba, na wapo wanaochukia.

Kisha fundi wetu mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa akimtaja Method kuliko wote, akauliza kwa sauti ya chini, "Na mama mwenyewe yukoje?"

Nikamwambia anapika nje, kwenye mvua.