Aliyesoma Nyayo Vumbini

Wasomaji wangu wa siku zote wanajua kwamba mguu wangu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia, maana nimeulalamikia hapa mara nyingi kuliko adabu inavyoruhusu. Fundi aliyenitengenezea kiatu cha mguu huo amefariki. Habari zilinikuta Bugarama, nimeketi juu ya gunia langu la mpunga nikingoja zamu ya kukoboa. Mfanyakazi mmoja wa kiwanda cha saruji, ambaye tulifahamiana kwenye benchi la fundi huyo kwa sababu naye anachechemea, alinijia akavua kofia. "Papa," alisema, "ule muzee wetu wa biatu alikufa jana. Tutamuzika kesho, kule Gikundamvura." Kisha wote wawili tukaangalia chini, kila mmoja kiatu chake. Mashine ilikuwa inanguruma, na hata pole niliyompa sidhani kama aliisikia.

Marehemu alikulia Bukavu, kama wengi wetu tuliorudi upande huu wa mpaka tukiwa watu wazima. Kibanda chake kilikuwa Muganza, kando ya barabara ya malori ya saruji. Vumbi lile ambalo sisi wengine tunalikohoa na kulilaani, yeye alilifanyia kazi. Mteja akifika, fundi hakutafuta kipimo chochote. "Vua biatu," alisema, "tembeya mu vumbi mupaka ku ile muti, kisha rudia. Usiniambie kenye kinakuuma. Miguu itaniambia." Halafu alichuchumaa juu ya nyayo zako kwa muda mrefu, mpaka uone haya, kama mtu anayesoma barua inayokuhusu. Akiinuka, alikuwa ameshajua kisigino kipi kinabeba mzigo wote na nyonga ipi inajificha. Hakusomea jambo hilo popote. Alikuwa fundi viatu wa kawaida aliyegundua kwamba anaona kitu ambacho wengine hawakioni, akakaa miaka mingi akikinoa.

Hadithi aliyoisimulia kuliko zote ilikuwa ya kosa lake mwenyewe. Alikuja kwake Maman mmoja mchuuzi, anayevuka mpaka kwenda Bukavu na beseni la nyanya kichwani, na ambaye alichechemea tangu utotoni. Fundi akampandishia soli yote kwa mara moja. Maman akasimama wima, vigelegele vikapigwa pale kibandani. Kesho yake, kwenye mteremko wa kwenda darajani, beseni lilianguka na nyanya zikabiringika hadi mtoni. Shingo yake ilikuwa imejifunza kubeba kwa kufuata ule mguu mfupi, na hakuna aliyeiambia kwamba mambo yamebadilika. "Alirudia hapa na kiatu mu mukono," fundi aliniambia, "akasema, 'Papa, ulininyoosha, lakini kichwa yangu haikujua.' Nilisikia haya sana. Njo pale nilijua muntu hawezi nyooshwa siku moya." Tangu hapo alipandisha tabaka moja jembamba, akangoja wiki mbili, akaongeza lingine. Maman yule alivuka daraja tena na beseni lake likatulia. Mimi nilihitaji matabaka manne, na kila nilipolalamika kwamba anachelewa alinipa msumari nimshikie.

Siku aliyogandisha tabaka langu la nne, aliniomba neno. "Mzee wa gazeti, mi sikusoma sana. Mungu alinipa macho, we alikupa kalamu. Andika hii kazi yangu, ili siku nitaenda, batu basibakie bule."

"Nitaandika, Papa," nilimjibu. "Nimalize kwanza yenye iko mu mikono."

Aliniomba tena mwaka uliofuata, nikajibu vilevile. Mara ya tatu hakuomba. Alifagia kokoto kwenye vumbi lake, akaniuliza habari za nyumbani. Na mimi nilikuwa nimeshughulika na nini? Nimepekua makala zangu za miaka hiyo. Kuna moja, nzima, kuhusu jogoo wa jirani yangu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari hii hayakuumia yangu tu.

Mvua ilikuwa imenyesha Gikundamvura siku ya mazishi. Nilipanda kilima nikiwa wa mwisho, kama kawaida yangu, kwa hiyo niliona nyayo za wote walionitangulia kwenye udongo mbichi. Kisigino kimoja kimezama, kingine kimegusa tu. Tena hivyo, na tena hivyo, hadi makaburini. Sikujua kwamba tulikuwa wengi kiasi kile. Baada ya sala, yule Maman wa nyanya alinishika mkono. "We njo ulikuwa unakaa naye sana. Alikuonyesha ile kazi yake?"

"Alitaka kunionyesha, Maman."

"Na sasa tutaenda wapi?"

Aliuachia mkono wangu taratibu, bila hasira, akashuka na wenzake. Nimewahi kuishi peke yangu kwa miaka, lakini sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa pale, katikati ya watu waliotembea kama mimi.

Kanisani tunahubiriwa kila mara habari za yule mtumishi aliyeifukia talanta ardhini. Nilidhani alikuwa mvivu. Sasa nadhani huenda alikuwa na shughuli zake tu, akasema atafukua kesho. Nimeanza kuandika ninachokumbuka: tabaka jembamba, wiki mbili, tabaka lingine. Ukurasa haujajaa. Juma lililopita nilipita Muganza, kibanda kimefungwa, na soli yangu inaisha upande wa nje. Nilivua viatu nikatembea vumbini hadi kwenye ule mti, nikarudi, nikachuchumaa kama yeye. Nilitazama sana. Niliona nyayo, basi.

Msomaji wangu, kile ulichopewa na Mungu kina watu wanaokingojea, na baadhi yao wanajua njia ya kuja kwako. Akija mmoja akakuomba, usimhesabie kazi ulizonazo. Mpe angali anaomba.