Kocha wa Kutoka Ulyankulu

Juzi nilikuwa mjini, mtaa wa Kitete, nimekaa kwa mama lishe nasubiri wali na maharage, na meza ya pili vijana wanagombana. Timu yao inafungwa kila ikishuka uwanjani, na kocha mpya hata hajazoea njia ya kwenda mazoezini. Mmoja akapiga meza: "Aondoke tu huyu mgeni, si wa kwetu!" Nikajikuta nimegeuka, mimi mtu mzima na khanga yangu, nikamuuliza, "Angekuwa wa kwenu, ungemvumilia?" Mmoja akaokoa jahazi kwa adabu: "Shikamoo, mama." Nikaitikia marahaba, chakula kikaja, lakini mawazo yangu yalishafika kijijini kwetu, Goweko.

Unajua, ndugu yangu, kwetu msimu wa tumbaku una harufu yake. Majani yakishatoka yamekauka kwenye bani, kile kijumba cha kukaushia kwa moto, tulikaa bandani familia mbili tatu kuyachambua, mazuri huku, yenye madoa kule. Vidole vilikuwa vyeusi kwa gundi, na ukijisahau ukala bila kunawa, mdomo mzima unakuwa mchungu. Shangazi yangu ndiye aliyetulea, na ndiye aliyetuletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa juani, amevichemsha na karanga za kutwanga. Tunatafuna, tunachambua, na watu wazima wanazungumza jambo moja tu: timu ya kijiji.

Shangazi alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya Moravian, na sauti hiyohiyo aliipeleka uwanjani. Kuotea hakukumhusu. Bao letu lilikuwa halali, bao lao lilikuwa la wizi. Lakini mwaka ule hatukuwa na bao la kutetea. Tulifungwa nyumbani, tukafungwa ugenini. Mwalimu aliyekuwa akiifundisha timu akahamishwa shule, na kamati ikampa kazi fundi seremala mmoja kijana, Mkatoliki, aliyekuja kwetu kutengeneza milango. Alitokea Ulyankulu. Wazazi wake walikimbilia huko kutoka Burundi kabla yeye hajazaliwa.

Jambo la kwanza alilofanya, alimweka benchi mshambuliaji wetu. Alisema hakimbii. Ilikuwa kweli hakimbii, ila alikuwa mtoto wa jirani yetu, na jirani huyo ndiye mwenye trekta lililokuwa likiwabeba wachezaji kwenda ugenini. Jambo la pili, tuliendelea kufungwa.

"Nilisema mimi," jirani akaanza siku moja pale bandani, akitupa jani kwenye fungu. "Wachezaji tunao. Halafu tunakwenda kumpa timu mkimbizi. Atatufundisha nini?"

Baadhi wakacheka. Mwingine akasema kweli, bora arudi kwao.

Shangazi aliacha kuchambua. "Kwao wapi?"

"Si unajua mwenyewe, dada," jirani akajibu.

"Sijui. Mlango wa nyumba yako nani kautengeneza? Mbona huo hujaurudisha kwao?"

Basi banda likawa moto. Wengine walisema tatizo ni magoli, si kabila. Wengine wakasema kocha yeyote wa kwetu angekuwa na aibu ya kufungwa, mgeni hana. Mwisho wakakubaliana Jumapili, watu wakitoka makanisani, wakutane uwanjani wamwondoe.

Jumapili ilipofika alikuja mwenyewe, hakuitwa. Alitusalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," kama mtoto wa mle mle, wazee akawapa shikamoo mmoja mmoja, jirani naye akapewa yake. Halafu akasema, na mikono ilikuwa inamtetemeka, niliiona:

"Wazee wangu, kama mnaniondoa kwa sababu tunafungwa, nitawaaga vizuri na milango yenu nitaimalizia. Lakini kama ni kwa sababu ya alikotoka baba yangu, siondoki. Mazoezi ni kesho jioni."

Shangazi akatoka kwenye kundi la wanawake, akaenda kusimama karibu naye, Biblia kwapani. Alitutazama tu, mmoja mmoja, mpaka wanakwaya wenzake nao wakaanza kumfuata. Mimi nilikimbia mbele yao.

Jirani alisema, "Sawa. Trekta langu haliendi."

"Miguu tunayo," Shangazi akamjibu.

Na kweli tulitembea. Mechi ilikuwa kijiji cha mbele, tukashika njia ya zamani ya wapagazi, ile inayopita porini kwenye miti ya mizinga ya nyuki. Wachezaji mbele, kocha kati, wanawake nyuma na masufuria ya uji kichwani, wanaimba. Jua lilikuwa kali na vumbi jekundu. Tulikuwa tumepumzika tunakunywa uji tuliposikia mtu anahema nyuma yetu. Alikuwa yule mshambuliaji, viatu vya mpira shingoni, jasho linamtoka. Alimkimbia baba yake.

Kocha alimtazama, akasema, "Kumbe unaweza kukimbia." Tulicheka mpaka uji ukamwagika.

Alimwingiza kipindi cha pili, tukiwa nyuma kwa bao moja, na ni yeye aliyetoa pasi iliyozaa la kusawazisha. Sare, ndugu yangu! Tulishangilia sare ile kama kombe. Shangazi aliingia uwanjani huku anavua viatu, refa akashindwa kumtoa. Hatukumaliza msimu juu, tulinusurika tu kushuka daraja. Jirani hakuomba radhi mpaka anazikwa, wala hakukanyaga tena uwanja. Kocha alibaki. Alioa kwetu, na wanawe wanaongea Kinyamwezi vizuri kuliko wangu.

Shangazi alishatutoka. Mabani mengi yamebomoka, na timu yenyewe ilikufa taratibu, leo jezi hamna, kesho wachezaji wameenda mjini. Watoto wa Goweko sasa wanashangilia timu za mbali ambazo kocha wake hawatampa mkono maisha yao yote. Wanamfukuza wakiwa wamelala kitandani, kwa kidole, kwenye simu. Wataniambia ndiyo mambo ya siku hizi, na mimi nakataa. Sisi tulimsema mtu vibaya, kisha ikatubidi tusimame mbele yake, tuone mikono yake inavyotetemeka, halafu kila mmoja achague asimame upande gani.