Mwisho wa Wimbo wa Baba

Jirani akichoma nyasi shambani, moshi ule hunirudishia inanga ya baba, ubao wake wenye nyuzi za mishipa ya ng'ombe.

Katibu wa chama aliyechoma nyumba yetu kule mlimani ili tuhamie kijiji cha ujamaa alimwita baba awapigie inanga wageni kutoka Biharamulo. Baba akaimba habari za ng'ombe anayemtafuta ndama wake. Katibu alilia waziwazi.

Hapo baba akakatiza wimbo, akaanza kulegeza nyuzi.

“Mzee wangu, malizia basi,” katibu akamwomba.

“Mwisho wake uliungulia ndani ya nyumba yangu.”

Njiani tukirudi, baba aliniimbia mwisho wote.

Juzi watoto wa katibu walikuja kuniomba niuimbe wimbo ule kwenye msiba wa baba yao. Niliwapa chai tu.